Barabara ya Hanover

Ninyi mlio darasani, mwombeni mwalimu aandike ubaoni: DISTRICT SIX. Maana yake ni Wilaya ya Sita. Lilikuwa eneo la mji wa Cape Town, Afrika Kusini, chini ya mlima uitwao Table Mountain. Jina hilo lilianza mwaka 1867.

Waliokaa huko walikuwa watu wa kazi: wachukuzi wa bandarini, washonaji, madobi, wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi. Walikuwako Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Barabara yao kubwa iliitwa Hanover Street, na ndiyo tutakayoizungumza leo.

Ukiwauliza wazee waliokaa huko, hawaanzi na habari za serikali. Wanaanza na samaki. Wanakumbuka soko la samaki, na karibu yake vipandio saba vya mawe ambapo vijana walikaa jioni kupiga soga. Wanakumbuka sinema ya Star, na adhana na kengele za kanisa zikisikika katika mtaa mmoja. Mama aliyepungukiwa na sukari aligonga mlango wa jirani. Mwenye duka aliandika deni daftarini, akangoja siku ya mshahara.

Lakini tusisikilize utamu peke yake. Nyumba nyingi zilivuja. Jamaa kubwa zilibanana katika chumba kimoja au viwili, na wenye nyumba walipokea kodi bila kutengeneza kitu. Magenge ya vijana yaliwatisha watu usiku. Wazee wenyewe husema hayo. Ila nyumba ikivuja, dawa yake ni kuezeka paa. Serikali ya wakati ule iliona dawa nyingine.

Mwaka 1950 ilitungwa sheria ya kugawa mahali pa kukaa kwa rangi ya watu. Tarehe 11 Februari 1966 ikatangazwa kwamba Wilaya ya Sita ni ya Wazungu tu. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, kidogo kidogo, kwa muda wa miaka kama kumi na mitano. Matingatinga yakabomoa nyumba na maduka. Misikiti na makanisa yaliachwa, yakasimama peke yake penye majani. Hanover Street ikatoweka.

Watu walipelekwa kwenye nchi tambarare ya mchanga, mbali na mji. Aliyekuwa akienda kazini kwa miguu sasa alilipa nauli kila siku. Na jirani wa zamani hakuwa jirani tena, kwa kuwa huyu alipewa nyumba huku na yule kule. Mtaa mmoja mpya uliitwa Hanover Park. Jina lilihama, barabara haikuhama.

Sasa sikilizeni vizuri. Msimamizi mmoja wa kazi ya kubomoa hakuvitupa vibao vya majina ya barabara, aliviweka kwake. Mwaka 1994 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho katika kanisa la zamani, na vibao vile vikatundikwa humo. Sakafuni ilichorwa ramani kubwa ya wilaya. Wazee walipiga magoti, wakatafuta mahali pa nyumba zao, wakaandika majina yao kwa mikono yao.

Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuwarudishia haki walionyang'anywa ardhi. Mwisho wa kupeleka madai ulikuwa tarehe 31 Desemba 1998. Wengi walikuwa wapangaji, hawakuwa na hati ya nyumba. Lakini wapangaji nao walidai, na mahakama ya ardhi iliruhusiwa kupokea hata maelezo ya mdomo. Kwa hiyo kukumbuka nani alikaa mlango wa pili hakukuwa hadithi ya jioni tu. Tarehe 11 Februari 2004 wazee wawili wa kwanza, wote wamepita miaka themanini, walikabidhiwa funguo za nyumba mpya. Wengine walifariki wakingali wanangoja.

Zoezi la juma hili: mwendee mzee mmoja wa mtaani kwako. Mwulize ni nani waliokaa katika njia yenu zamani, na kila mmoja alifanya kazi gani. Andika majina matano, kila jina na kazi yake, kisha andika pia jina la mzee aliyekuambia, na tarehe. Mtasomeana darasani. Kwaherini.