Thamani ya Mkufu wa Dhahabu

Bibi mmoja ana mikufu miwili aliyorithi kwa mama yake. Yote ni ya rangi ya manjano, nayo yang'aa. Sasa anataka kuuza mmoja ili anunue mabati ya kuezekea nyumba yake. Mnunuzi ameitazama, akasema kuwa yote ni ya shaba. Je, asemayo ni kweli?

Rangi haitoshi kutupa jibu, kwani shaba iliyochanganywa na zinki hufanana na dhahabu. Lakini dhahabu ni nzito mno. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3. Ya fedha ina gramu 10.5, ya shaba karibu gramu 9, na ya chuma karibu gramu 8.

Jaribio

Vifaa: mizani, silinda ya kupimia, maji, uzi na misumari ya chuma.

1. Pima uzito wa misumari kwa gramu.
2. Tia maji katika silinda, kisha usome kipimo.
3. Ifunge misumari kwa uzi, uizamishe polepole. Itikise kidogo ili viputo vya hewa vitoke. Soma kipimo tena.
4. Toa kipimo cha kwanza katika kipimo cha pili. Tofauti hiyo ndiyo ujazo wa misumari.
5. Gawanya uzito kwa ujazo. Je, jibu lako ni karibu na 8?

Mikufu ya bibi ilipimwa kwa njia hii hii. Mkufu wa kwanza ulikuwa na gramu 34, na maji yalipanda kutoka 50 hadi 54. Basi 34 ÷ 4 = 8.5. Huo ni wa shaba na zinki. Mkufu wa pili ulikuwa na gramu 31, na maji yalipanda kutoka 50 hadi 52 tu. Basi 31 ÷ 2 = 15.5. Shaba haiwezi kuwa nzito kiasi hicho.

Mbona jibu halikuwa 19.3? Dhahabu safi ni laini, hupinda upesi. Kwa hiyo sonara huichanganya na shaba au fedha ili iwe ngumu. Dhahabu safi huitwa ya karati 24. Katika dhahabu ya karati 18, mafungu 18 kati ya 24 ni dhahabu, na 6 ni metali nyingine. Sentimita moja ya ujazo ya mchanganyiko huo huwa na gramu 15 hadi 16. Basi yaelekea kuwa mkufu wa pili ni wa karati 18, na dhahabu iliyomo ni:

31 × 18 ÷ 24 = gramu 23.25

Zidisha gramu hizo kwa bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku hiyo, nawe utapata thamani ya dhahabu yake.

Angalia: Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye vito au lenye uwazi ndani. Tena, metali iitwayo tangsteni ina uzito karibu sawa na dhahabu. Kwa hiyo sonara hufanya majaribio mengine pia kabla ya kukata shauri.

Maswali

1. Mkufu wa karati 18 una gramu 24. Una gramu ngapi za dhahabu?
2. Viputo vya hewa vikibaki kwenye mkufu, ujazo utaonekana kuwa mkubwa au mdogo? Bibi angepata hasara gani?
3. Kwa nini mnunuzi hakustahili kutegemea macho yake tu?