Kufungua imeli mpya kusiwe mtihani



Chuo nilikosomea kilipobadilisha seva ya imeli, mimi nilikosa mtihani wa kazi. Nilikuwa nimetuma dosiye kwa ONG moja na adresi ya chuo. Siku nne simu ikanyamaza, nikafikiri hawajajibu. Kumbe jibu lilifika siku ya pili, ila simu yangu ilikuwa bado inabisha hodi kwenye seva ya zamani. Nilipolisoma ndani ya siberi moja hapa Baraka, wenzangu walikuwa wamekwisha kufanya mtihani.

Chuo kilitugawia karatasi ya maelezo: majina ya seva, namba za porti, SSL, TLS. Wengi walichoka, wakampa kijana wa siberi simu pamoja na neno la siri ili awatengenezee. Hapo ndipo kuko hatari. Kazi ikiwa ngumu sana, mtu anatoa ufunguo wa nyumba yake.

Tuelewe kwanza namna inavyotembea. Imeli iko na milango miwili. Wa kupokea kwa njia ya IMAP ni porti 993. Wa kutuma ni 465 ao 587. Ndiyo maana unaweza kupokea vizuri lakini ukituma, ujumbe unakwama: mlango mmoja uko sawa, mwingine bado. Seva nyingi za zamani zilikubali porti 143 bila ulinzi, neno la siri likipita wazi njiani. Seva mpya zinakataa, na ziko na haki.

Sisi watu wa kilimo tunajua kamba ya kupandia. Mkulima wa Fizi hapimi kila shimo na meta. Kamba imekwisha kufungwa mafundo, yeye anapanda tu. Imeli nayo inaweza kufungiwa mafundo mbele. Msimamizi wa seva anafanya mambo matatu:

1. Jina la seva lisibadilike. Mashine iwe mpya, lakini jina la zamani lielekezwe kwake. Hivyo simu yenye mipango mizuri haitaguswa.
2. Aweke faili ya mipango pale programu inapoitafuta yenyewe. Thunderbird inafanya hivyo, Outlook nayo iko na njia yake. Mtumiaji anaandika adresi na neno la siri tu.
3. Seva ya zamani isizimwe siku ileile. Iachwe majuma machache, na watu waarifiwe kwa SMS, siyo kwa imeli ambayo hawawezi kuifungua!

Na sisi watumiaji, tusingoje tu:

– Jina la mtumiaji andika adresi nzima, pamoja na @ na yote yanayofuata. Wengi wanakwama hapo.
– Angalia tarehe ya simu. Ikizimika kwa kukosa moto, mara nyingine inarudi na tarehe ya zamani, halafu inasema seva siyo salama. Rekebisha tarehe kwanza.
– Chagua IMAP, siyo POP. Kwa IMAP barua zinabaki kwenye seva. Simu ikiibiwa ao ikianguka ziwani, barua zako ziko. Kwa POP, mara nyingi zinashushwa kwenye simu na kufutwa kule.
– Ikishindikana kabisa, fungua imeli kwa njia ya navigateri. Pale hakuna porti ya kuandika. Usimalize mega zako kwa kujaribu mara ishirini.
– Ukisaidiwa na mtu, neno la siri liandike wewe mwenyewe. Ukitumia mashine ya siberi, toka kwenye akaunti mbele ya kusimama.

Kama uko kwenye komite ya shirika ao ya chuo, na seva yenu itabadilishwa, uliza swali moja: "Mtu wa Fizi centre mwenye simu ndogo ataandika vitu vingapi?" Jibu likipita viwili, kazi bado haijakwisha.