Maana ya Neno "Mortgage" na Jamaa Zake

Mtu aendaye benki kukopa fedha za kununua nyumba au za kustawisha shamba hulisikia neno la Kiingereza "mortgage". Wengi hulitamka "mogeji", wala hawakosei sana, kwa kuwa hata Waingereza wenyewe huandika herufi ya t katika neno hilo lakini hawaitamki. Kwa Kiswahili huitwa rehani, neno lililotoka katika Kiarabu. Walakini watu wengi hutia sahihi hati ya namna hii pasipo kujua asili ya jina lake, na jina hilo lina onyo ndani yake.

REHANI ILIYOKUFA

"Mortgage" ni maneno mawili yaliyounganishwa. Yametoka katika Kifaransa cha zamani, ambacho kilikuwa lugha ya wakubwa na ya mahakama za Uingereza baada ya Wanormani kuishinda nchi ile mwaka 1066. La kwanza, "mort", maana yake ni kufa. La pili, "gage", ni kitu ambacho mtu hukiweka mkononi mwa mwenziwe ili ahadi yake iaminiwe. Basi yakiwekwa pamoja maana yake ni "rehani iliyokufa".

Ni kitu gani basi kinachokufa? Wanasheria wa Uingereza walitoa majibu mawili. Jibu la kwanza limo katika kitabu cha sheria cha mwishoni mwa karne ya 12 kijulikanacho kwa jina la Glanvill. Siku zile mkopeshaji aliweza kulishika shamba la mdaiwa na kula mavuno yake. Ikiwa thamani ya mavuno ilipunguzwa katika deni, rehani ile iliitwa hai, kwa sababu ilikuwa ikimfanyia kazi mwenyewe. Lakini ikiwa mavuno yaliliwa na deni likabaki vile vile, rehani iliitwa mfu.

Jibu la pili lilitolewa na hakimu Thomas Littleton, aliyefariki mwaka 1481, na Edward Coke akalieleza tena katika kitabu chake cha mwaka 1628. Walisema kwamba mdaiwa asipolipa siku iliyowekwa, shamba limekufa kwake, halirudi tena. Akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji, naye hana haki tena juu ya shamba. Kwa hiyo lazima kimoja kife: ama deni, ama haki ya mwenye shamba.

NDUGU WA NENO HILI

Neno "gage" lina ndugu wengi katika Kiingereza, na wote wametoka katika shina moja la kale lenye maana ya ahadi iliyothibitishwa. Mmoja ni "engagement", yaani uchumba. Mwingine ni "wage", yaani ujira, ambao ni ahadi ya mwajiri kwa mfanyakazi. Wa tatu ni "wager", kitu awekacho mtu anapopinga na mwenziwe. Hata neno "wedding", yaani arusi, ni la ukoo huo huo. Mtu aoaye, mtu aajiriye na mtu awekaye shamba lake rehani, wote wamefungwa na neno lao.

KUKOMBOA

Hapo kale mahakama za Uingereza zilikuwa kali mno. Mdaiwa aliyechelewa hata siku moja aliweza kupoteza shamba lake lote, ingawa deni lilikuwa dogo. Katika karne ya 17 mahakama ya Chansela iliiona desturi hiyo kuwa ni dhuluma, ikathibitisha kwamba mdaiwa aweza kulikomboa shamba lake hata baada ya siku kupita, madhali alilipa deni na faida yake. Waingereza huita jambo hilo "redemption", neno la Kilatini lenye maana ya kununua tena kilichokuwa chako. Waswahili nao husema kukomboa rehani. Mlango huo wa kukomboa ukifungwa kwa amri ya mahakama, huitwa "foreclosure", maana yake kumfungia mtu nje.

MZIGO JUU YA SHAMBA

Katika Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hutumia neno jingine, "charge". Asili yake ni kupakia mzigo juu ya gari. Mfano huo ni mzuri, kwa kuwa shamba hubaki katika jina la mwenyewe, lakini limepakiwa mzigo wa deni, na mzigo huo huandikwa katika daftari ya serikali. Mtu akimnunua punda aliyebebeshwa mzigo hawezi kusema hakuuona.

Sheria hiyo imeweka kinga. Nyumba wanamokaa mume na mke haiwezi kuwekwa rehani na mmoja wao kwa siri. Lazima mwenziwe akubali. Mdaiwa akikosa kulipa, na mwezi mmoja ukapita katika hali hiyo, mkopeshaji aweza kumpelekea ilani ya kumtaka alipe, naye apewe muda usiopungua miezi 3. Asipolipa, hupelekewa ilani nyingine ya kwamba mali itauzwa, na mauzo hayawezi kukamilishwa kabla siku 40 hazijapita. Wakati huo wote njia ya kukomboa ingali wazi. Mtu apokeaye ilani akaificha chini ya godoro amejifungia mlango mwenyewe.

Yafaa pia kukumbuka kwamba shamba laweza kuwekwa rehani kwa deni la mtu mwingine. Ndugu au rafiki huja akasema anahitaji hati kwa muda mfupi tu, ili benki imwamini. Mwenye shamba hapati hata senti moja ya mkopo ule, lakini mwenziwe asipolipa, shamba litakalonadiwa ni lake.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, mtu na aulize mambo manne: deni ni kiasi gani, faida yake ni ngapi kwa mwaka, siku za kulipa ni zipi, na akikosa kulipa itakuwaje. Hati ikiwa katika lugha asiyoifahamu, na asomewe na mtu amwaminiye, afadhali wakili, wala si yule anayemkopesha.

Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Alipaye deni lake hata shilingi ya mwisho huiua rehani, naye hurudi nyumbani na hati yake mkononi.