Singeli: Kelele au Ufundi?

Wazee wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wasikiapo singeli harusini husema, "Hizo ni kelele tu." Yafaa basi nieleze jinsi inavyotengenezwa.

Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Tandale na Manzese, miaka ya 2000. Vijana wa huko hawakuwa na fedha za kukodi bendi. Walichukua kipande kifupi cha taarabu, wakakirudiarudia kwa kompyuta na kukiharakisha, kisha mwimbaji akatunga maneno papo hapo. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika; singeli hupiga 200 na zaidi. Kuimba kwa mwendo huo bila kukata pumzi si kazi ya mvivu. Mwaka 2017 nyimbo za studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa na kampuni ya Uganda, zikasikika hata Ulaya.

Mpiga litungu wa Kikurya naye alitumia mti na ngozi alivyokuwa navyo. Kadhalika vijana wa London, mwaka 1976, walipiga panki kwa magitaa machache, nao wakalaumiwa.

Kweli, vigodoro vya usiku barabarani vina ulevi na ugomvi, na nyimbo nyingine zina matusi. Hayo hatuyatetei. Bali twawaomba wazazi na walimu: msitufungie mlango. Turuhusuni kusikiliza mchana, nanyi mkiwapo, mhukumu baada ya kusikia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne