Swali Moja kwa Kila Asubuhi

Datsun 240Z ni gari lenye jina Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mengi kati ya yale yaliyosalia yamepita miaka 50, na wanaoyatunza hukutana na lalamiko lilelile: asubuhi gari hukataa kuwaka, au huwaka likazimika, lakini likishapata moto linakimbia siku nzima bila shida. Hasira za asubuhi humfanya mwenye gari anunue plagi, koili, nyaya na betri kwa mkupuo. Kosa linaanzia hapo. Ugonjwa huu unajionyesha kwa sekunde chache, mara moja kwa siku. Injini ikishapata joto ushahidi umepotea, na kuupata tena ni kusubiri chuma chote kipoe usiku kucha. Aliyebadilisha vitu vinne kwa siku moja, hata kama gari limewaka, hajui kipi kilikuwa kibovu, na tatizo likirudi mwezi ujao anaanza upya akiwa na pesa pungufu. Kwa hiyo kila asubuhi ipewe swali moja tu, lililoamuliwa jana yake jioni.

Wapo watakaosema kwamba baridi ni shida ya Ulaya, si ya Mombasa. Lakini kwa injini, baridi maana yake ni umbali kati ya joto ililolala nalo na joto lake la kazi. Maji ya injini hii hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi. Asubuhi ya Mombasa yenye nyuzi 25 bado iko mbali na hapo kwa zaidi ya nyuzi 50. Petroli haiungui ikiwa matone. Lazima igeuke mvuke, na ndani ya manifoldi iliyopoa sehemu kubwa yake hubaki imetanda kwenye kuta kama umande. Ndiyo sababu injini iliyolala hudai mafuta mengi kuliko kawaida, ili ile sehemu ndogo inayogeuka mvuke itoshe kuwaka. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, mambo hugeuka kidogo: hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa pwani tayari inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na choki ikivutwa yote injini inaweza kuzama mafuta.

Hapa ndipo 240Z inapowachanganya hata mafundi wazuri. Kabureta zake mbili, zilizotengenezwa na Hitachi kwa mtindo wa SU wa Uingereza, kwa kawaida hazina kile kibati cha choki kinachoziba hewa. Ukivuta mkono wa choki ulio karibu na gia, nyaya hushusha jeti chini, na nafasi kati ya jeti na sindano yake hupanuka ili mafuta mengi zaidi yapite. Tena hazina pampu ya kurusha mafuta unapokanyaga pedali. Dereva aliyezoea kukanyaga mara tatu kabla ya kugeuza ufunguo haongezi hata tone moja, na akishikilia pedali chini wakati wa kupiga stata anapunguza mvuto wa hewa unaonyonya mafuta kutoka kwenye jeti. Kabla ya kulaumu kifaa chochote, asubuhi ya kwanza itumike hivi: choki yote, mguu mbali na pedali, na masikio wazi.

Sauti ya stata itasema jambo la kwanza. Ikizunguka kwa kuvuta miguu, plagi na mafuta havihusiki bado. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha takriban volti 12.6, na wakati stata inazunguka haipaswi kushuka chini ya 9.6 au hapo karibu. Ikishuka zaidi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Isiposhuka na bado stata inazunguka polepole, umeme unapotea njiani, mara nyingi kwenye waya wa athi uliooza mahali unapofungwa kwenye bodi. Kipimo hiki ni cha dakika moja. Wengi hununua betri mpya bila kukifanya, ilhali waya wa bei ndogo ndio ulikuwa na kutu.

Stata ikizunguka vizuri, angalia ni sekunde ipi injini inakataa. Gari hili lina rezista inayopunguza umeme unaofika kwenye koili wakati wa safari, na njia nyingine inayoiruka rezista hiyo wakati wa kupiga stata, ili koili ipate kila volti iliyobaki. Basi injini ikishika stata inapozunguka, kisha ikafa papo hapo ufunguo unapoachiwa, shuku rezista au waya wake. Ikikataa muda wote wa stata halafu ikajaribu kushika pale tu unapoachia, ile njia ya pili haipeleki umeme. Dalili mbili zinazopishana kwa nusu sekunde zinaelekeza sehemu mbili tofauti, na hakuna rundo la spea mpya linaloweza kukuambia hivyo.

Isiposhika kabisa, fungua plagi. Zikiwa zimelowa petroli, mafuta yamefika na cheche ndiyo ya kuulizwa, au mafuta yamezidi. Zikiwa kavu, mafuta hayafiki. Hata hapo kalenda iulizwe kabla ya spana: pampu ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe, na gari likikaa wiki mbili petroli ya kwenye mabakuli ya kabureta huwa imepungua kwa kugeuka mvuke. Gari linalowaka upesi baada ya usiku mmoja lakini likataka stata ndefu baada ya wiki mbili halina ubovu wa kutafutwa.

Yapo pia mambo yasiyohitaji asubuhi, na ni upotevu kutumia asubuhi kwa ajili yake. Choki ikaguliwe jioni, injini ikiwa imezimwa: mmoja avute mkono, mwingine atazame chini ya kabureta. Jeti zote mbili zishuke, na zote zirudi juu. Kabureta ya mbele hulisha hasa silinda tatu za mbele, ya nyuma tatu za nyuma, kwa hiyo jeti moja ikikwama juu injini hushika kwa nusu yake, ikatetemeka na kuzimika. Ikikwama chini, gari litawaka vizuri asubuhi na kunywa mafuta mengi mchana kutwa, na petroli ya ziada itaosha oili kwenye kuta za silinda.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaosema ondoa pointi za distribyuta, funga mfumo wa kielektroniki, na mambo yataisha. Ni kweli pointi huchakaa na nafasi yake hubadilika, na kuziondoa ni uamuzi wa busara kwa gari linalotumika kila siku. Lakini mfumo huo mpya hula umeme uleule unaopita kwenye swichi na athi zilezile, na baadhi yake hukataa kazi volti zikishuka wakati wa stata, mahali ambapo pointi kuukuu zingejikongoja. Ukifungwa juu ya waya mbovu, unaongeza mshukiwa mmoja. Ufungwe baada ya volti kupimwa na jeti kukaguliwa, na asubuhi inayofuata uwe ndio kitu pekee kilichobadilika.