KIOLEZO KIMOJA, MILANGO MINGI

Fundi seremala wa Unguja haanzi kila dirisha kana kwamba ni la kwanza duniani. Hukata kiolezo kimoja, akakilaza juu ya mbao, akapiga mstari, na madirisha yote ya ukumbi yakatoka sawa. Hekima hiyo ndiyo iliyomo leo ndani ya kompyuta za wasanifu majengo, nasi tunaona inastahili kutazamwa kwa makini na wote wenye dhamana juu ya Mji Mkongwe.

Katika programu za kuchorea majengo, kama vile AutoCAD iliyotoka Marekani mwaka 1982, kipande kinachorudiwa, kiwe nguzo, dirisha au ngazi, huchorwa mara moja na kuhifadhiwa kwa jina lake. Mchoraji anaweza pia kujitengenezea kitufe chake mwenyewe. Nyuma ya kitufe hicho huandikwa amri fupi: kwanza, kazi iliyokuwa ikiendelea ikatizwe, pili, kiolezo fulani kiletwe. Hubaki kwa mchoraji kuonyesha mahali pa kukiweka tu.

Faida yake si ya kubezwa. Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, lilizungushiwa roshani zilizobebwa na safu za nguzo za chuma. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la namna hiyo linapoanguka, michoro iliyopimwa kwa usahihi ndiyo shahidi anayebaki. Nguzo zinazofanana zikishapimwa, kiolezo kimoja huzitosha. Na ikigundulika kasoro, kiolezo kikisahihishwa, nguzo zote katika mchoro huo husahihika kwa pamoja.

Hata hivyo, kitufe hakina macho. Kiolezo kilichochorwa kwa inchi, kikiingizwa bila kugeuzwa katika mchoro wa milimita, hutoka kidogo kuliko kipimo chake zaidi ya mara 25. Kosa likiwemo ndani ya kiolezo, huenea kila kilipowekwa.

Lakini ipo hatari kubwa zaidi. Majumba ya Michenzani yalijengwa kwa mpango wa kurudia umbo moja, na kiolezo yanakistahiki. Mji Mkongwe haukujengwa hivyo. Kuta zake za mawe na chokaa hazikunyooka kama rula, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Mlango wenye kizingiti cha mraba si sawa na wenye tao, na nakshi za mlango mmoja si za jirani yake.

Isitoshe, programu hizi huja na milango na madirisha yaliyochorwa ughaibuni. Mchoraji mwenye kitufe cha dirisha la alumini karibu na kidole chake, asiye na cha dirisha la mbao la Shangani, ni rahisi kuchora lile la alumini. Kinachochorwa ndicho kinachoombewa kibali, na kinachopewa kibali ndicho kinachojengwa. Hivyo mji unaweza kubadilika sura pasipo mtu yeyote kukusudia kuubadilisha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, iwe na hazina moja ya violezo vilivyopimwa hapa hapa mjini, na wasanifu wote wanaoomba vibali wapewe pamoja na vitufe vyake. Kila kiolezo kiandikwe nyumba kilikopimwa, tarehe na kizio cha vipimo. Vitu vinavyofanana kweli vitumie kiolezo; mlango wa nakshi upimwe na kuchorwa peke yake. Na afisa anayepitia ramani asiridhike na usafi wa mistari, bali aende mtaani akalinganishe.

Dunia iliupokea mji huu katika Orodha ya Urithi mwaka 2000 kwa sababu ya upekee wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: atakayejenga ukuta huo na awe na mchoro wa ukuta wenyewe, si wa ukuta wa watu wengine.