Si kila tandu ni wa kuogopwa

Mzazi, mashamba ya viazi ya Mbeya na Iringa yakianza kulimwa, huenda mwanao akakuletea kiganjani mdudu wa manjano, mwembamba kama kamba ya kiatu, anayejikunjakunja. Usimtie hofu. Huyo ni tandu wa udongoni. Hana macho, hutafuta njia kwa vipapasio. Ukiwa na subira ya kuhesabu, jozi za miguu yake ni 27 au zaidi, na siku zote ni namba witiri. Sumu iko kwenye kucha mbili chini ya kichwa, si mkiani kama nge, lakini kucha zenyewe ni ndogo mno. Mara nyingi hazipenyi ngozi ya mtu.

Tandu mkubwa, mnene, anayejificha chini ya mawe na kuni, ni habari nyingine. Akiuma, maumivu ni makali na sehemu huvimba. Usichanje kwa wembe. Osha kwa maji na sabuni, loweka kwenye maji ya moto yasiyounguza, uliyoyapima kwa kiwiko chako, kisha mpe paracetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Uso ukivimba au akipumua kwa shida, hospitali mara moja.

Na kama hukumwona mdudu? Tandu huacha alama mbili, na nyoka vilevile. Hapo usiloweke, usifunge kamba, usisubiri uvimbe. Mtulize mtoto, mguu au mkono usichezeshwe, mpeleke hospitali.